Utani wa kesi za kampuni za teknolojia: kichekesho kimo ndani ya hati

Habari ikitoka kwamba kampuni fulani ya simu imepelekwa mahakamani, saa moja haiishi kabla mitandao haijajaa utani uleule: matajiri wanagombana, mawakili wanakula, sisi tuko hapa na bando la mia tano. Hauna ubaya, ila hausemi kitu ambacho watu hawakukijua kabla ya kesi. Utani unaodumu unabeba jambo moja lililotoka mahakamani ambalo msomaji akilisikia anauliza, "Hivi kweli walisema hivyo?" Na kweli walisema. Kwa hiyo muda mwingi utaupeleka kwenye kusoma. Kuandika ni dakika kumi.

Chukua London, Julai 2012. Samsung na Apple walikuwa wakibishania kama tableti za Galaxy Tab zimeiga umbo la tableti lililosajiliwa na Apple. Vichwa vya habari vikaandika kwamba Samsung imeshinda, wengi wakaishia hapo. Aliyefungua uamuzi wa Jaji Colin Birss alikuta sababu: tableti za Samsung hazina mvuto kama umbo la Apple, hivyo picha zinayoijenga kwa mtazamaji ni nyingine. Samsung ilishinda kwa kuambiwa mbele ya kadamnasi kwamba haipendezi. Ukiligeuza jambo hilo kuwa fumbo la nyumbani, huna la kuongeza:

– Kitendawili!
– Tega!
– Nimeshinda kesi kwa kuambiwa sina mvuto.
– Samsung, London, 2012.

Pa kuchimba

Hukumu nyingi zinasomwa bure mtandaoni. Za Uingereza ziko BAILII, za Kanada CanLII, za Afrika Kusini SAFLII, za Kenya kwenye Kenya Law, za Tanzania kwenye TanzLII, na hati nyingi za mahakama za shirikisho za Marekani zimekusanywa CourtListener. Usiiombe akili mnemba ikufupishie kisha ukaandika kwa kuiamini. Juni 2023 mawakili huko New York walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi ambazo ChatGPT ilizitunga. Mmoja wao alikuwa ameiuliza programu hiyohiyo kama kesi ni za kweli, nayo ikamhakikishia. Ni sawa na kumuuliza anayekuuzia simu gizani kama si ya wizi.

Ukishaipata hati, ruka utangulizi, nenda kwenye utetezi. Kampuni iliyobanwa husema maneno ambayo idara yake ya matangazo isingeyatamka hata kwa bakora. Huko Kanada, programu ya kujibu wateja kwenye tovuti ya Air Canada ilimwambia abiria aliyefiwa na bibi yake kwamba angeweza kuomba punguzo la nauli ya msiba hata baada ya kusafiri. Haikuwa kweli. Alipodai haki yake, shirika likajitetea kwa hoja ambayo baraza lililosikiliza shauri lilishangazwa nayo: kwamba programu ile ni kitu kinachojitegemea kisheria, kinawajibika kwa matendo yake chenyewe. Februari 2024 baraza likaikataa hoja hiyo na kuamuru abiria alipwe jumla ya dola za Kanada 812.02.

Rasimu ya kwanza ya wengi ni "Air Canada walizwa na roboti!" Inapiga kelele, haielezi. Jaribu hivi:

"Air Canada: roboti ikikudanganya, kaishtaki roboti. Yaani konda kakupiga nauli, tajiri wa daladala anakwambia, 'Yule simjui, nilimkuta mlangoni.'"

Unafanya kazi kwa sababu konda na roboti wana mifupa ileile: kuna mwenye chombo, kuna aliyewekwa mlangoni kuongea na abiria, na kuna swali la nani anabeba uongo wake. Mfano wa nyumbani usipobeba hoja ya kesi ni mapambo tu. Ukiandika "ni kama kuku kulilaumu yai", msomaji ataona kuku, hataona kesi.

Utetezi mwingine wa dhahabu ulitolewa Nairobi. Meta, kampuni mama ya Facebook, iliposhtakiwa na wafanyakazi waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook, ilidai mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake, kwa kuwa haikai wala haifanyi biashara nchini humo. Mahakama ya Rufani ilitupa rufaa zake Septemba 2024. Utani: "Meta haifanyi biashara Kenya. Yale matangazo ya ploti za Kitengela yamejileta yenyewe."

Baada ya utetezi, angalia vielelezo. Mei 2021, katika kesi ya Epic, waundaji wa mchezo wa Fortnite, dhidi ya Apple huko Oakland, California, wakili wa Apple alionyesha picha ya Peely, ndizi inayotembea kwenye mchezo huo, ikiwa imevaa suti. Akaeleza kwamba kwa kuwa wako mahakama ya shirikisho, wameona suti ni bora kuliko ndizi iliyo uchi. Hapa fundi mzuri anajizuia. Ripoti kilichotokea, taja mahali, nyamaza. Ukibandika vikatuni vitatu vya kucheka mwishoni umemnyang'anya msomaji zamu yake.

Namba

Faini ya mabilioni haimchekeshi mtu, kwa sababu hakuna anayeihisi. Igeuze iwe muda. Mei 2023 Meta ilipigwa faini ya yuro bilioni 1.2 na mamlaka ya Ireland ya ulinzi wa data, karibu dola bilioni 1.3. Mapato ya Meta ya mwaka 2023 yalikuwa dola bilioni 134.9. Gawanya kwa 365, unapata kama dola milioni 370 kwa siku. Faini nzima ni siku tatu na nusu. Sasa una sentensi: "Meta italipa faini ya Ulaya kwa mauzo ya Ijumaa mpaka Jumatatu mchana."

Watu huteleza hapa kwa kuchanganya mapato na faida. Faida ya mwaka huo ilikuwa kama dola bilioni 39, yaani dola milioni 107 kwa siku, na kwa hesabu hiyo faini ni siku kumi na mbili. Ukiandika "faida ya siku tatu", atakayekusahihisha atapata vicheko kuliko wewe.

Kuna namba zisizogeuzika. Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba deni la Google katika mahakama za Urusi limefika rubli 2 ikifuatwa na sufuri 36, kwa sababu faini ilikuwa ikijizidisha mara mbili kila wiki. Msemaji wa Kremlin, Dmitry Peskov, alikiri kwamba hata kuitamka namba hiyo hawezi. Chuku haifui dafu hapo. Mahakama imekwisha kukutangulia. Njia iliyobaki ni kushuka chini kabisa, kwenye kitu cha mkononi: "M-Pesa ya Kenya inaruhusu 250,000 kwa muamala mmoja. Google waanze leo."

Kesi imefika wapi?

Utani mwingi unakufa kwa kitenzi kibaya. Kampuni iliyofunguliwa kesi haijashindwa. Amri ya zuio si hukumu. Katika madai ya fedha kuna mdai na mdaiwa. "Mshtakiwa" na "hatia" ni maneno ya jinai. Kampuni ya teknolojia inayodaiwa fidia haijapatikana na hatia, imeamriwa kulipa. Juri ya Marekani nayo si wazee wa baraza wa kumshauri jaji: ni raia wanaoamua wenyewe, ingawa jaji anaweza kupunguza kiasi walichotaja. Mwaka 2012 juri ya California iliipa Apple zaidi ya dola bilioni 1 dhidi ya Samsung. Mwaka 2018 juri nyingine ikataja dola milioni 539, na mwezi uliofuata pande zote zikasuluhishana.

Kwenye shauri hilohilo ulizuka mzaha kwamba Samsung imelipa kwa sarafu za senti tano, malori thelathini. Ulisambaa duniani kama habari ya kweli. Kalamu na karatasi zingetosha: dola bilioni 1 ni sarafu bilioni 20, kila moja ina gramu 5, jumla tani 100,000. Kila lori lingebeba tani 3,333, wakati kikomo cha barabara za Afrika Mashariki ni tani 56 pamoja na lori lenyewe. Lisingepita mizani ya Vigwaza. Isitoshe, wakati huo hakukuwa na deni la kulipwa, kesi ilikuwa bado inapiganiwa. Ukibuni kitu, kibuni kiwe hakiwezekani waziwazi. Kikifanana na habari, kitasomwa kama habari.

Subira ina malipo yake. Nkosana Makate, aliyetoa wazo la ujumbe wa "tafadhali nipigie" akiwa mfanyakazi wa Vodacom ya Afrika Kusini, alifungua madai mwaka 2008. Mahakama ya Katiba ilimpa ushindi Aprili 2016, na waliomtania siku ile kama tajiri mpya waliwahi mno: mvutano wa kiasi uliendelea hadi suluhu ya Novemba 2025. Aliyesubiri alipata hii: "Aliyebuni 'tafadhali nipigie' ameibipu Vodacom tangu 2008. Wamepiga 2025." Zingatia pia kuitaja nchi. Ukiacha "ya Afrika Kusini", msomaji wa Dar es Salaam atadhani ni kampuni anayoidai vocha.

Kiswahili kikufanyie kazi

Wanaoiga utani wa Kiingereza hubeba magogo wakati viambishi vipo. Ngeli peke yake ni silaha. "Faini ya yuro bilioni 1.2" ni taarifa, "kifaini cha yuro bilioni 1.2" ni hukumu ya mwandishi kwa silabi moja. "Jikampuni" na "kikampuni" zinaweza kuwa kampuni moja siku mbili tofauti, kabla na baada ya rufaa. Kiambishi -ka- nacho kinaleta mwendo: "Wakasaini, wakasoma, wakajuta." Mpangilio huo, kusaini kabla ya kusoma, ndio kichekesho, hakuna kivumishi kilichohitajika. Neno linalochekesha liwe la mwisho. Ukilifuata na "kwa kweli" au "jamani" umelimwagia maji.

Methali ivunje upande wa pili, wa kwanza uuache mzima ili sikio litegeke. Elon Musk alikubali kuinunua Twitter kwa dola bilioni 44 tarehe 25 Aprili 2022, na 8 Julai akataka kujitoa, hadi kesi ambayo Twitter ilimfungulia Delaware, Marekani, ilipomrudisha mezani: "Majuto ni mjukuu. Wa Musk alizaliwa njiti." Methali moja inatosha kwa mada moja. Ya pili inafanya ionekane umefungua kitabu cha darasa la sita.

Michezo ya maneno ya Kiingereza iache huko huko. Musk aliingia ofisi za Twitter Oktoba 2022 amebeba sinki, na kwa Kiingereza neno hilo linagusa pia maana ya jambo kuzama akilini. Kwa Kiswahili, mtu aliyeingia amebeba sinki ni fundi bomba. Ukitaka kicheko, anzia hapo: "Sinki limefika, mafundi wengine wakafukuzwa."

Nani wa kutaniwa

Utani wa watani una kanuni ambayo hapa inafaa: unamrushia anayeweza kukujibu. Hoja ya wakili, mkurugenzi aliyeitia saini, msemaji wa kampuni, hao ni halali yako. Abiria aliyefiwa siye. Wafanyakazi wa Nairobi waliotazama picha za mauaji kwa ujira mdogo siyo, na ndiyo maana utani wa Kitengela unagonga hoja ya kampuni bila kuwagusa wao.

Yapo pia ya kisheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania, kama ilivyotungwa mwaka 2015, kwenye kifungu cha 16 inaadhibu taarifa za uongo kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Neno "mzaha" si kinga. Tenganisha waziwazi kilichosemwa mahakamani na unachokejeli: sentensi ya kwanza ukweli unaothibitika, ya pili ndiyo yako. Usimtungie mtu halisi nukuu ukaiweka kwenye alama za kunukuu. Yule tajiri wa daladala anaruhusiwa kuongea kwa sababu hayupo.

Weka daftari. Kwa kila kesi andika wahusika kwa majina kamili ya kampuni, mahakama, tarehe ya hatua ya mwisho, kiasi kinachodaiwa, na mistari uliyoikata. Kesi hizi zinarudi. Kampuni ya programu za kompyuta, SCO, iliishtaki kampuni ya kompyuta ya IBM mwaka 2003 ikitaka dola bilioni 1 na zaidi, madai yakaisha kwa suluhu ya dola milioni 14.25 mwaka 2021. Mwenye daftari la 2003 alibadilisha namba tu.