Anzeni na boksi la picha zisizo na majina

Kama wenyeji hawaingii kwenye makumbusho yenu ya kijijini, lifungueni lile boksi la picha za zamani zisizo na majina. Toeni nakala kubwa, mzitandaze mezani siku ya soko, muwaulize wazee: huyu nani, na hapa ni wapi? Bibi akimtambua marehemu shangazi yake kwa namna tu alivyosimama, kesho atarudi na wajukuu. Rekodini sauti yake kwa simu, akiridhia, na mumpe nakala aondoke nayo. Hilo msilisahau kabisa. Majina yaandikeni nyuma ya picha halisi, pembezoni, kwa penseli laini bila kukandamiza. Wino wa kalamu huweza kupenya hadi usoni mwa picha.