Moduli yako ya nginx inakata kurasa ndefu? Fuatilia bafa

Umeandika kichujio cha mwili wa jibu kwa nginx (seva ya wavuti), tuseme kinachobadilisha neno moja kuwa jingine. Ukurasa mfupi unatoka sawasawa. Mrefu unakatika, au neno linapita bila kuguswa. Mara nyingi chanzo ni kudhani kwamba kichujio huitwa mara moja, jibu zima likiwa mkononi. Sivyo. Huitwa kila vipande vinapofika, na kila mara hupewa mnyororo (ngx_chain_t) wa bafa, yaani vipande vya kumbukumbu vinavyobeba data, wenye bafa moja, tano, au mtupu kabisa.

Hatua ya 1. Ijenge nginx upya kwa --with-debug, weka error_log kwenye kiwango cha debug. Ongeza daemon off na master_process off ili gdb (kitatuzi cha programu) ishughulike na mchakato mmoja tu.

Hatua ya 2. Usiiruke hii. Kabla ya kugusa data, andika kila bafa kwenye logi:

kuitwa 1: urefu 4096, last_buf 0
kuitwa 2: urefu 4096, last_buf 0
kuitwa 3: urefu 812, last_buf 1

Urefu ni last (mwisho wa data) kutoa pos (mwanzo wake); last_buf 1 ni alama ya bafa ya mwisho. Sasa angalia mpaka kati ya vipande. Ukitafuta "habari", kipande cha kwanza kinaweza kuishia na "hab" na cha pili kuanza na "ari". Neno halionekani popote. Hifadhi mkia huo kwenye muktadha wa ombi (baiti 5 zinatosha kwa neno la herufi 6), uuunganishe na kipande kinachofuata, na usisahau kuutoa last_buf ikifika. Halafu acha strstr (kitafuta maandishi cha C): bafa haina sifuri ya kufunga mwishoni, kwa hiyo itasoma kupita mpaka. Mimi kosa hilo lilinila siku mbili.

Hatua ya 3. Kama urefu wa jibu unabadilika, ita ngx_http_clear_content_length(r) kwenye kichujio cha vichwa. Bila hivyo kivinjari kitafuata urefu wa awali: kitasubiri baiti zisizokuja, au kitakata mkia.

Hatua ya 4. Jenga kwa -fsanitize=address (hunasa kuvuka mpaka wa kumbukumbu) pamoja na -DNGX_DEBUG_PALLOC=1. Bila hiyo ya pili, maombi madogo ya kumbukumbu hukatwa kutoka bonge moja la pool (hifadhi ya kumbukumbu ya nginx), na ukivuka mpaka hakuna anayeona.

Swali: Logi inalalamika "zero size buf in output". Nimekosea wapi?
Jibu: Umepitisha bafa tupu. Kama haina alama ya flush, sync wala last_buf, iondoe kwenye mnyororo. Ikiwa inayo, futa alama za memory, temporary na in_file, maana bafa tupu yenye alama hizo bado hulalamikiwa.

Swali: Mkuu, kwa faili za diski urefu unatoka 0 daima.
Jibu: Data bado iko kwenye faili, ndiyo maana in_file ni 1. Weka r->filter_need_in_memory = 1 kwenye kichujio cha vichwa.

Swali: Nikiwa nyuma ya proxy ukurasa unaning'inia, ingawa narudisha NGX_OK.
Jibu: Ukishanakili data, weka b->pos = b->last. Bafa ya proxy hairudi kazini hadi ionekane imesomwa yote. Na rudisha kile alichorudisha kichujio kinachofuata, hata kikiwa NGX_AGAIN (bado, jaribu tena).