Usikate Uzi kwa Meno: Kutunza Fizi Ukiwa na Kisukari

Nimeshona miaka thelathini na moja hapa Tabora, na karibu miaka yote hiyo nilikuwa nakata uzi kwa meno. Fundi yeyote wa zamani ananielewa. Mkono mmoja umebana kitambaa, mwingine uko kwenye gurudumu, mkasi umefukiwa na vipande vya vitenge, basi unainama, unauma, unaendelea. Msimu mmoja wa sare za shule niliuma uzi hivyo, jino la mbele la chini likacheza. Halikuuma hata kidogo. Lilisogea tu, kama kifungo kilichobaki na uzi mmoja.

Wakati huo nilikuwa na mwaka wa sita wa kisukari. Metformini nameza asubuhi na jioni, soda nimeacha, chai nakunywa ya tangawizi bila sukari, lakini nikijichoma kidole kabla ya kula mashine inasoma 11 (milimoli kwa lita), kesho 12. Kliniki wakaniuliza kama nakula kwa siri. Nilikuwa nakula kwa siri, nitafika huko. Ila hakuna aliyeniambia nifungue kinywa, wala mimi sikusema kwamba kila nikipiga mswaki natema mate mekundu. Nilijua ni kiseyeye, kitapita chenyewe.

Daktari wa meno ndiye aliyeniambia, huku taa yake iko machoni mwangu: "Mama, sukari yako na fizi zako zinakula sahani moja." Sukari ikipanda kwenye damu, hupanda na kwenye mate na kwenye majimaji ya fizini, vijidudu vikapata karamu. Mishipa midogo ya damu nayo inachoka, kinga inapungua nguvu, kidonda kinachelewa kupona. Halafu mambo yanageuka: fizi zilizovimba ni kama kidonda kinachochochea mwili mzima mchana na usiku, na mwili uliochochewa hivyo hauitikii insulini vizuri. Ukisafishwa fizi ipasavyo, kile kipimo cha damu cha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c), kinachosomwa kwa asilimia na si kama mashine ya kidole, hushuka kwa takriban 0.4. Yaani mwenye 9 anaweza kujikuta kwenye 8.6. Si kubwa, na haiondoi dawa, lakini mimi nilikuwa nahangaika mwezi mzima kushusha hata kiasi kidogo kuliko hicho.

Basi anza kwa kujitazama. Simama mlangoni asubuhi, jua likupige usoni, ushike kioo na uvute mdomo wa chini. Usitafute ule wekundu wa waridi wa kwenye mabango. Wengi wetu fizi zina weusi wa kuzaliwa na huo si ugonjwa. Tafuta kilichobadilika: ufizi uliotuna na kung'aa, uliolegea kwenye jino, uliorudi nyuma mpaka jino linaonekana limerefuka, usaha ukibonyeza, harufu isiyoisha hata ukisafisha. Na damu. Ufizi wenye afya hautoi damu kwa mswaki laini. Mwenzangu unayevuta sigara, wewe usifurahie kutoona damu: tumbaku hubana mishipa, ugonjwa ukaendelea kimyakimya. Kaka yangu amelima tumbaku Urambo maisha yake yote na anaivuta pia. Meno matano yalimtoka bila tone la damu kumtisha.

Mimi naandika. Daftari lile lile la vipimo vya wateja, nimeligeuza kwa nyuma. Mbele kuna bega, kifua, kiuno. Nyuma kuna tarehe, sukari ya asubuhi, na herufi D kama damu imetoka, na upande gani. Baada ya wiki tatu niliona kitu ambacho kichwa peke yake kisingekumbuka: D zangu karibu zote zilikuwa chini kushoto, nyuma, mahali ambapo mswaki wangu ulikuwa unapita kwa haraka.

Sasa mswaki wenyewe. Nunua ulioandikwa laini, uache ule mgumu hata kama unahisi ndio unaosugua. Dawa ya meno iwe na floraidi, kiasi cha punje ya harage kinatosha. Usiuweke mswaki wima wala kuulaza kabisa. Ulaze mshazari, kama unavyokata kitambaa cha sketi ya kuning'inia, ncha zielekee pale jino linapozama kwenye ufizi, kwa sababu ukoga unajificha hapo hapo kwenye pindo. Zungusha taratibu meno mawili mawili, kwa uzito wa mkono unaopiga pasi hariri. Gawa kinywa mafungu manne, kila fungu nusu dakika, na usisahau upande wa ulimi. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji mengi, ile floraidi ibaki ifanye kazi. Asubuhi na usiku, na wa usiku ndio usioruhusiwa kuukosa, maana ukilala mate hupungua. Mswaki ukichanua, au ukifika miezi mitatu, badilisha.

Damu ikitoka usiache. Hili nalikazania kwa sababu nililikosea miezi mingi: naona damu, naogopa, naruka sehemu ile, ukoga unaongezeka, damu inaongezeka. Endelea pale pale kwa upole. Kama ni uvimbe wa juujuu, ndani ya wiki moja au mbili damu inapungua sana. Isipopungua, kuna ugaga chini ya ufizi, na ugaga umeshakuwa jiwe, mswaki hauutoi. Huo unakwanguliwa na mtaalamu.

Mswaki wa mti je? Mama yangu alitumia maisha yake yote na siudharau. Utafune ncha mpaka iwe laini kabisa, usugue polepole, ufike na nyuma. Ila hauna floraidi ya kutosha, na kwa ndani ya magego unafika kwa shida, kwa hiyo usiku malizia kwa mswaki wa dukani.

Katikati ya meno nilijifanya mjanja. Niliambiwa nitumie uzi wa meno, nikacheka: uzi? Mimi ninao wa kila rangi! Nikachukua wa cherehani, mweupe, nikaupitisha kwa nguvu, ukashuka ghafla na kunichana ufizi. Nilikula uji siku mbili. Uzi wa meno ni mwingine, umelainishwa, haukati kama ule wa poliesta. Chukua kipande kama cha nusu mita, zungushia vidole vya kati, upenyeze kwa kuuyumbisha, kisha ukumbatishe jino na kuupandisha na kuushusha ukilisugua ubavu. Usiukeketeze kama msumeno. Kama fizi zimesharudi nyuma na mapengo ni makubwa, vile vibrashi vidogo vya katikati ya meno vinafaa zaidi. Mara moja kwa siku, usiku, kabla ya mswaki. Na mafundi wenzangu, pini na sindano zikae kwenye kimto chake. Nimeona watu wazima wakichokoa meno kwa sindano ya mkono.

Nikaahidi habari ya siri yangu. Ni asali. Ndugu zetu wa Sikonge wakija mjini hawaji mikono mitupu, na huku kwetu mtu akikuambia "asali ya porini haina madhara kwa mwenye sukari" anakuambia kwa mapenzi kabisa. Nilikuwa nalamba vijiko viwili kabla ya kulala, baada ya kupiga mswaki. Kijiko kimoja cha chakula kina takriban gramu 17 za sukari. Damu yangu haikujua kama ni ya nyuki au ya kiwandani, na meno nayo yalilala nayo usiku kucha. Nimeacha, kwa hiyo sitadanganya kwamba fizi peke yake ndizo zilizonishushia sukari.

Lakini chupa sijaitoa nyumbani, ina kazi yake. Ukiwa kwenye insulini, au vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini, sukari inaweza kuanguka: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika. Mashine ikisoma chini ya 4, kijiko kimoja cha chakula cha asali, subiri dakika 15, pima tena, ikiwa bado chini rudia. Ikishapanda, kula kitu. Aliyezimia usimtie chochote kinywani, mkimbizeni hospitali.

Michembe ni adui wa aina nyingine. Viazi vitamu hivyo vilivyokaushwa vinanata kwenye magego kama gundi, na mimi nilikuwa nacho kibakuli pembeni ya cherehani, natafuna kimoja kila pindo. Kila utafunapo vijidudu vinapata zamu mpya na sukari inapata sababu ya kupanda. Siku hizi nikivila ni ndani ya mlo, vichache, na karanga. Embe vivyo hivyo, nusu dodo baada ya ugali na mboga, hata msimu ambao yanaoza chini ya miti mpaka mbuzi wanakinai. Mahali pa kibakuli pamekaa chupa ya maji, maana sukari ikiwa juu kinywa hukauka, na kinywa kikavu hakijisafishi.

Ukienda kwa daktari wa meno, neno la kwanza liwe "nina kisukari", ukiwa na majina ya dawa zako na namba za daftari. Omba zamu ya asubuhi. Kunywa chai yako, meza dawa yako kama kawaida. Usiende na njaa, kwa sababu ganzi itakuzuia kula na sukari inaweza kukuangukia kitini. Mimi nilikwanguliwa ugaga kwa awamu mbili, kwa ganzi, nikasukutua kwa maji vuguvugu ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi. Kama jino linang'olewa na namba zako ziko juu sana, daktari anaweza kuahirisha mpaka zitulie, usibishane naye. Sasa narudi kila baada ya miezi mitatu. Wengine huambiwa sita, inategemea fizi.

Mwenye meno ya bandia asifikiri amesamehewa. Yatolewe usiku, yasuguliwe, yalazwe kwenye maji. Utando mweupe unaobanduka na kuacha wekundu ni fangasi, na wenye sukari ya juu hupata kirahisi.

Na yapo ya kutosubiri. Shavu likivimba, homa ikipanda, kinywa kikashindwa kufunguka au mate kumezeka, hiyo si habari ya kuweka karafuu na kulala. Sukari iliyopanda pamoja na kutapika, kupumua kwa haraka, na pumzi inayonukia kama tunda lililoiva kupita kiasi, mtu aende hospitali saa hiyo hiyo. Kwa mimi niliyepo mjini ni Kitete, iwe mchana au usiku wa manane, na bodaboda wa kona yetu nimeshamwambia mapema kwamba siku nikimpigia usiku sitaki kwanza tukubaliane bei.

Jino langu bado lipo. Linacheza kidogo, daktari anasema mfupa ulioliwa haurudi, ila haliendelei kulegea. Asubuhi ya leo mashine imesoma 7.4, hakuna D. Mkasi nimeufunga kwa utepe kwenye mguu wa cherehani.