Kurudi Ulaya ya Kati kwa baiskeli: kuukwea mto Danube kutoka Đerdap hadi Passau

Waendesha baiskeli wengi wanaoufuata mto Danube huanzia Passau au Vienna, wakateremka nao kuelekea Bahari Nyeusi. Mwongozo huu ni wa mtu anayerudi. Umeshafika Balkani, umekula burek (mkate wa tabaka wenye nyama au jibini) ukashiba, na sasa unataka kurudi kazini Austria au Ujerumani kwa magurudumu yaleyale. Mimi ni fundi baiskeli, naishi Linz, na kati ya njia zote za Ulaya hii ndiyo ninayoipenda zaidi, hasa kwa mwelekeo huu wa kurudi. Lakini usiichukue kama safari ya kwenda iliyogeuzwa tu. Upepo ni mwingine, mpaka unaukuta kwa upande mwingine, na baiskeli unayorudi nayo si ile uliyoondoka nayo.

Kwanza uzielewe namba za mto. Kilomita za Danube huhesabiwa kuanzia mdomoni, Sulina nchini Romania, ambako ni sifuri. Kwa hiyo anayerudi huona namba zikipanda kwenye vibao vya kandokando: bwawa la Đerdap (mpakani mwa Serbia na Romania) 943, Belgrade 1170, Novi Sad 1255, Budapest 1647, Bratislava 1869, Vienna 1929, Linz 2135, Passau 2226. Kwa hesabu ya mto ni kilomita 1,283. Njia ya baiskeli huzungukazunguka, basi ongeza kidogo. Ukienda kilomita 70 au 80 kwa siku na kuweka siku za kupumzika, wiki tatu zinatosha bila kujitesa.

Wengi huogopa neno kukwea. Usiogope. Maji ya Đerdap yako takriban mita 70 juu ya usawa wa bahari, na Passau ni kama mita 300. Mwinuko huo umetandazwa juu ya kilomita zaidi ya elfu moja, miguu haiuhisi kabisa. Kinachochosha ni upepo.

Hatua ya 1: Weka makaratasi sawa kabla ya kuondoka nyumbani

Hapa nasema na wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda na majirani, kwa sababu vitabu vya njia huandikiwa watu wasioulizwa kitu mpakani.

Serbia haimo ndani ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao. Ukishaingia Serbia umetoka, na kurudi kwako ni kuingia upya. Mwenye kibali cha ukaaji cha nchi ya Schengen hana shida, mradi kibali kisiishe muda akiwa njiani. Mwenye viza ya muda mfupi aangalie imeandikwa aingie mara ngapi: kama ni mara moja tu, akitoka kwenda Serbia viza hiyo imekwisha kazi, hata kama siku zimebaki. Omba ya kuingia mara nyingi tangu mwanzo, na ueleze njia yako kwenye barua ya maombi. Zile siku 90 ndani ya kila siku 180 nazo zihesabu vizuri, kwa kalamu.

Serbia yenyewe huwapokea bila viza, hadi siku 90, watu wenye viza halali ya Schengen au kibali cha ukaaji cha nchi hizo. Thibitisha kwenye ukurasa wa wizara yao ya mambo ya nje wiki ya kuondoka, maana kanuni za viza hubadilika. Ukishaingia, mgeni anatakiwa asajiliwe polisi ndani ya saa 24. Hoteli na nyumba za wageni hukufanyia. Ukilala kwa mwenyeji binafsi, muombe akufanyie.

Kumbuka pia kwamba Croatia iliingia Schengen tarehe 1 Januari 2023, na kwamba Bulgaria na Romania ziliondolewa ukaguzi wa mipaka ya nchi kavu na wenzao wa Schengen tarehe 1 Januari 2025. Ramani na miongozo ya zamani itakudanganya hapo.

Hatua ya 2: Chagua mwezi kwa kuuliza upepo

Serbia ya mashariki ina upepo uitwao Košava. Hutoka kusini-mashariki, hupita kwenye korongo la Đerdap na kupanda na mto hadi Belgrade na kuendelea. Anayeteremka hupigwa usoni. Wewe unayerudi hukusukuma mgongoni. Košava ina nguvu zaidi miezi ya baridi, ila huanza kujitokeza tangu majira ya vuli. Kuanzia Hungaria na kuendelea mambo hugeuka: upepo wa kawaida hutoka magharibi na kaskazini-magharibi, yaani usoni mwako.

Julai na Agosti, tambarare za Vojvodina, kaskazini mwa Serbia, huwaka joto, na mabonde ya mafuriko yana mbu wa kutosha. Juni mto huweza kufurika, kama ulivyofanya 2013 pale Passau maji yalipofika mita 12.89. Kwa hiyo mimi huanza mwisho wa Agosti na kufika Austria katikati ya Septemba, zabibu za bonde la Wachau zikiwa zimeiva.

Hatua ya 3: Ifanyie baiskeli ukaguzi wa kurudi

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na mimi nitakaa hapa kidogo. Baiskeli ilifanyiwa matengenezo kabla ya kwenda. Sasa imebeba mzigo kilomita elfu na zaidi kwenye vumbi. Tenga mchana mzima, Kladovo (mji wa Serbia karibu na bwawa la Đerdap) au mji wowote wenye kivuli na maji.

Anza na cheni. Isafishe kwa kitambaa, chukua rula ya chuma, weka sifuri katikati ya pini moja, kisha hesabu nafasi 24 kutoka pini hadi pini. Cheni mpya hapo husoma milimita 304.8. Ikifika 306 na nusu, badilisha sasa. Ikishavuka 307 inakuwa imeanza kula meno ya giya za nyuma, na utalipia vitu viwili badala ya kimoja. Belgrade na Novi Sad zina maduka mazuri ya vipuri; kati yake usitegemee kupata.

Halafu spoki. Gurudumu la nyuma, upande wa cheni, ndilo linalobeba kila kitu. Zibane mbilimbili kwa vidole kuzunguka gurudumu zima. Iliyolegea utaijua mara moja. Igonge kwa kucha na utasikia mlio wake uko chini kuliko wa wenzake. Kaza robo mzunguko, zungusha gurudumu, tazama rimu inavyopita kwenye mipira ya breki, rudia. Usiikaze kwa mkupuo mmoja.

Tairi la nyuma huisha mapema kuliko la mbele. Lihamishie mbele kama bado lina nyuzi nzima, na lile la mbele liende nyuma. Kwa njia hii nashauri upana wa milimita 40 hadi 47, maana matuta ya kuzuia mafuriko ya Serbia mara nyingi ni changarawe au majani tu. Beba tyubu mbili, viraka, gundi mpya (iliyokwisha kufunguliwa hukauka), spoki za akiba zilizofungwa kwenye fremu, na kiungo cha cheni.

Mwisho, taa. Taa ya nyuma yenye nguvu, iliyochajiwa, kabla hujaingia korongoni.

Hatua ya 4: Đerdap hadi Belgrade

Huu ndio mlango wa kurudi, na ni pahali pazuri mno. Mto unabanwa na milima, na pale Kazan unabaki na upana wa mita 150 hivi. Upande wa Serbia barabara hupanda na kushuka, na ina mahandaki mengi yasiyo na taa. Kila handaki nalifanyia hivi: nasimama nje, navua miwani ya jua, nawasha taa mbele na nyuma, nasikiliza. Kama kuna lori linakuja nyuma, nalisubiri lipite. Kisha naingia na kushika katikati ya mstari wangu, sibanani na ukuta. Mahandaki ni mafupi mengi yake. Subira ya dakika moja inatosha.

Ngome ya Golubac inakupokea ukitoka korongoni. Kutoka hapo endelea Veliko Gradište hadi Ram, uvuke kwa kivuko kwenda Stara Palanka, halafu Kovin na Pančevo. Uliza saa za kivuko siku moja kabla.

Mbwa watakuwapo. Wakikukimbilia, shuka, weka baiskeli kati yako na wao, tembea taratibu na uongee kwa sauti ya chini. Wanachokifuata ni magurudumu yanayokimbia. Ukisimama, wengi hukosa hamu.

Daraja la Pančevo kuingia Belgrade ni jembamba na lina magari mengi. Livuke Jumapili alfajiri. Siku nyingine yoyote mimi silipiti.

Chakula: ukiona kwenye orodha kačamak, au ng'ambo ya mto upande wa Romania mămăligă, hiyo ni sima ya mahindi kabisa, huliwa na jibini au maziwa mgando. Kwa kiamsha kinywa ingia pekara (duka la mikate), uombe burek ya jibini na mtindi wa kunywa. Asiyekula nguruwe aulize kabla kuhusu nyama, maana mchanganyiko ni wa kawaida.

Hatua ya 5: Belgrade hadi mpaka wa Hungaria

Baada ya Novi Sad una uamuzi wa kufanya. Njia rasmi ya EuroVelo 6, njia ya baiskeli inayovuka Ulaya, ina tawi la Croatia kupitia Ilok, Vukovar na Osijek. Ni ya kupendeza, ina vilima, na unaingia Schengen pale Ilok. Nyingine ni kubaki Serbia, ukingo wa kaskazini-mashariki: Bačka Palanka, Apatin, Bezdan, kisha kuvuka Bački Breg kwenda Hercegszántó. Ni tambarare tupu. Mimi huchagua hii kwa sababu Košava ikiwapo hukubeba hadi hapo.

Mpakani simama kwenye foleni ya magari madogo, katikati ya njia, si pembeni ambako hutaonekana. Toa pasipoti na kibali pamoja, kibali kikiwa juu. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 mipaka ya nje ya Schengen ilianza kusajili wageni wa muda mfupi kwa alama za vidole na picha ya uso. Mwenye kibali cha ukaaji hamo katika usajili huo, basi askari akianza kukuelekeza huko, mwonyeshe kibali kwa upole. Ukiulizwa unakotoka na unakokwenda, jibu kwa majina ya miji mitatu. Uwe na uthibitisho wa malazi ya usiku huo kwenye simu.

Hatua ya 6: Hungaria na Slovakia

Hapa napita haraka. Hungaria hutaka fulana ya kuakisi mwanga nje ya miji usiku au ukungu ukiwapo. Slovakia hutaka kofia ngumu kwa kila mtu akiwa nje ya mji. Budapest pumzika siku moja au mbili. Esztergom vuka daraja la Mária Valéria, lililobomolewa 1944 na kurejeshwa 2001, kisha fuata tuta la upande wa Slovakia kupitia Komárno hadi Bratislava.

Tuta halina kivuli wala kizuizi, na upepo sasa uko usoni. Ondoka alfajiri, umalize sehemu kubwa kabla ya saa tano asubuhi, maana upepo huongezeka jua likipanda. Mkiwa wawili au zaidi, pokezaneni mbele kila dakika chache. Ukiwa peke yako, shusha giya moja, lala kidogo juu ya usukani, na uache kutazama kipimo cha mwendo.

Hatua ya 7: Austria, ukingo gani?

Kabla ya kusoma ramani, jua kwamba "ukingo wa kulia" na "wa kushoto" hutajwa kwa kufuata maji yanakoelekea. Wewe unakwenda kinyume, kwa hiyo ukingo wa kulia uko kushoto kwako. Tumia kaskazini na kusini, hutapotea.

Kutoka Hainburg hadi Vienna kuna tuta lililonyooka kama uzi kupitia hifadhi ya Donau-Auen. Beba maji na chakula, kwa sababu hakuna duka. Baada ya Vienna, ukifika Wachau kati ya Krems na Melk, kaskazini kuna Dürnstein na Spitz na watalii wengi. Kusini ni kimya zaidi, mashamba ya zabibu yanagusa njia. Mimi hupita kusini na kuvuka kwa kivuko cha Spitz nikitaka kuona watu.

Maji utayapata kwenye mabomba ya makaburini na viwanja vya vijiji, ila palipoandikwa "Kein Trinkwasser" usinywe. Jumapili maduka ya vyakula Austria na Ujerumani hufungwa, basi nunua Jumamosi. Kuweka hema porini hakuruhusiwi kirahisi huku. Kambi za baiskeli zipo karibu kila kituo.

Juu ya Linz, kwenye mzingo wa Schlögen, baki kusini. Njia ni ya lami moja kwa moja hadi Passau, na kaskazini utalazimika kutegemea kivuko.

Hatua ya 8: Passau na treni ya nyumbani

Passau inakutana mito mitatu: Danube, Inn na Ilz. Ukiendelea Regensburg, njia ni ileile tu. Ukirudi kwa treni, za mikoa hupokea baiskeli kwa tiketi yake ya ziada, wakati zile za kasi zinazoruhusu baiskeli huhitaji uhifadhi wa nafasi mapema, na Septemba nafasi hujaa. Nunua tiketi ya baiskeli siku ya kufika Linz, ondoa mabegi kabla treni haijaingia, na usimame pale penye alama ya behewa la baiskeli.