Namna ya Kuomba Zabuni za Jiji: Kuanzia Kikao cha Baraza hadi Malipo ya Mwisho

Wazabuni wengi huanza kujiandaa siku tangazo linapotoka, na siku hiyo tayari wamechelewa. Kazi inayotangazwa leo ilikwishatajwa kwenye bajeti, ikajadiliwa na kamati, ikapitishwa na baraza la madiwani na kuingizwa kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka, ndipo idara husika ikaandaa nyaraka zake. Aliyefuatilia hatua hizo amepata miezi kadhaa ya kutafuta mitambo, kuzungumza na benki na kuhuisha leseni, wakati anayesubiri tangazo hubakiwa na wiki chache za kufanya yote kwa pamoja. Mwongozo huu ni kwa mwenye kampuni ndogo au ya kati anayetaka kufanya kazi na jiji kwa njia halali, na unafuata njia ambayo fedha yenyewe hupita, tangu inapoidhinishwa hadi inapolipwa.

Kulisoma baraza kabla ya kulisoma tangazo

Jambo la kwanza ni kujua nani ana mamlaka gani katika jiji lako. Yapo majiji ambayo baraza huidhinisha kila mkataba unaozidi kiwango fulani cha fedha, na yapo mengine ambayo madiwani hupitisha bajeti na kusimamia utekelezaji tu, huku tuzo, yaani uamuzi wa nani apewe mkataba, ikitolewa na watendaji kupitia bodi ya zabuni. Tofauti hii inabadilisha kalenda yako. Pale ambapo baraza lina kauli ya mwisho, mkataba unaweza kusubiri kikao kijacho hata kama tathmini imekamilika mapema, na bei uliyoitoa lazima iweze kuhimili kusubiri huko.

Nyaraka zinazokufaa zaidi ni tatu: kitabu cha bajeti, mpango wa ununuzi wa mwaka, na ajenda za vikao pamoja na kumbukumbu zake. Katika bajeti, tafuta sehemu ya fedha za maendeleo na uangalie chanzo cha fedha za kila mradi, kwa maana mradi unaotegemea mkopo au ruzuku ambayo bado haijasainiwa unaweza kuahirishwa mwaka mzima, ilhali mradi unaolipwa kwa mapato ya ndani yaliyokwishakusanywa huwa karibu zaidi na tangazo. Mpango wa ununuzi utakuonyesha robo ya mwaka ambayo kila zabuni imepangiwa na njia itakayotumika, iwe ni ushindani wa wazi, ushindani wa walioalikwa au ununuzi mdogo wa kulinganisha bei.

Ajenda za vikao ndizo zinazopuuzwa zaidi, na kwa maoni yangu ndizo zenye habari nyingi kuliko zote. Chukua mfano wa kipengele kinachosomeka hivi: «Kuidhinisha uhamisho wa fedha kutoka matengenezo ya barabara kwenda ujenzi wa mifereji ya mvua.» Sentensi hiyo moja inamwambia mkandarasi wa barabara kwamba zabuni aliyokuwa akiisubiri itapungua au haitakuja kabisa, na inamwambia mwenye uzoefu wa mifereji kwamba aanze kukusanya bei za saruji, nondo na kokoto. Vipengele vya namna hii mara nyingi huwekwa katika kundi la mambo yanayopitishwa kwa pamoja bila mjadala, kwa hiyo ukisoma vichwa vikubwa pekee hutaviona. Soma pia viambatisho, kwa sababu makadirio ya gharama na sababu za kiufundi hukaa huko.

Yapo majiji ambayo miradi huanzia hata nje ya ukumbi wa baraza. Porto Alegre nchini Brazili ilianzisha mwaka 1989 utaratibu wa wakazi kukutana na kupanga vipaumbele vya uwekezaji katika maeneo yao, na majiji mengi duniani yamefuata utaratibu huo kwa namna zao. Kama jiji lako ni mojawapo, hudhuria mikutano hiyo ukiwa msikilizaji. Orodha ya vipaumbele vya mtaa mara nyingi ndiyo chimbuko la zabuni ndogo ambazo kampuni changa inaweza kuzimudu.

Kuamua kutoomba

Baada ya tangazo kutoka, uamuzi wa kwanza ni kama uombe au uache. Kuandaa zabuni kunagharimu fedha na siku za kazi, na gharama hiyo hairudishwi. Soma vigezo vya sifa kabla ya kitu kingine chochote: wastani wa mapato ya miaka iliyopita, idadi ya kazi za aina hiyo ulizokwishafanya, wataalamu wenye usajili, mitambo unayomiliki au unayoweza kuthibitisha kuwa utaikodi. Kigezo cha lazima usichokitimiza hakifidiwi na bei nzuri. Ikiwa pengo lako ni mtaji au uzoefu, angalia kama nyaraka zinaruhusu ubia, na kama zinaruhusu, andikeni makubaliano ya ubia mapema yanayotaja nani ni kiongozi, nani anafanya nini na nani anawajibika kwa jiji, ambapo kwa kawaida jiji hutaka kila mbia awajibike kwa kazi yote.

Zabuni nyingine huonekana zimeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja, kwa mfano zinapotaja chapa fulani bila kuongeza maneno «au inayolingana nayo». Usinung'unike pembeni. Omba ufafanuzi kwa maandishi ndani ya muda uliowekwa, ueleze kigezo chenyewe na upendekeze maneno mbadala. Jibu hupelekwa kwa wazabuni wote bila kutaja aliyeuliza, na mara nyingi jiji hurekebisha nyaraka. Kila rekebisho linalotolewa ni sehemu ya nyaraka, na wazabuni hutakiwa kuthibitisha kwamba wamelipokea.

Nyaraka zinazowaangusha wengi

Hapa ndipo kampuni nzuri zinapopotea, na inaumiza kuona fundi hodari akiondolewa kwa karatasi. Hatua ya kwanza ya tathmini haiangalii ubora wala bei, bali inaangalia kama zabuni imekamilika: fomu imesainiwa, mtu aliyesaini ana hati ya kumpa mamlaka, dhamana ya zabuni ipo na inafuata mfano uliotolewa, vyeti vya kodi na usajili havijaisha muda. Dhamana ya zabuni ndiyo yenye mitego zaidi. Ni ahadi ya benki au ya bima kwamba ukijitoa baada ya zabuni kufunguliwa, au ukikataa kusaini mkataba, jiji litalipwa kiasi fulani. Benki nyingi zina mfano wao wa barua, lakini jiji limekupa mfano wake, na maneno ya jiji ndiyo yanayotakiwa kufuatwa. Angalia tarehe kwa makini: kama zabuni yako inatakiwa kuwa hai siku 120 na dhamana inatakiwa kudumu siku 28 zaidi, basi dhamana ya siku 120 haitoshi, na katika mifumo mingi kosa hilo halirekebishiki baada ya kufungua.

Hesabu siku hizo kuanzia tarehe ya mwisho ya kuwasilisha, si kuanzia siku benki ilipotoa barua. Kama tarehe ya mwisho imesogezwa mbele kwa rekebisho, rudi benki ukasogeze na dhamana.

Kuhusu uwasilishaji wa kielektroniki, ambao sasa ndio wa kawaida katika majiji mengi, mfumo hufunga saa ile ile iliyotajwa na hausikilizi maelezo. Pakia nyaraka siku moja au mbili kabla, kisha hifadhi stakabadhi ya mfumo inayoonyesha muda.

Bei

Katika kazi za ujenzi, bei hujazwa kwenye jedwali la idadi ya kazi, mstari kwa mstari, na kosa la hesabu katika jedwali hilo lina kanuni yake ambayo mzabuni lazima aijue. Tuseme jedwali linadai mita 400 za mfereji, nawe umeandika bei ya 250 kwa kila mita, lakini kwenye safu ya jumla umeandika 10,000 badala ya 100,000. Kanuni ya kawaida katika nyaraka nyingi ni kwamba bei ya kipimo kimoja ndiyo inayosimama na jumla hurekebishwa, hivyo zabuni yako itapanda kwa 90,000 na huenda ukapoteza nafasi ya kwanza. Kosa likiwa upande wa pili, yaani umeandika 25 kwa mita ulipokusudia 250, utajikuta umeahidi kufanya kazi kwa sehemu ya kumi ya gharama yake, isipokuwa watathmini waridhike kwamba alama ya desimali imehama waziwazi. Palipo na tofauti kati ya maneno na tarakimu, kwa kawaida maneno ndiyo yanayofuatwa. Mpe mtu mwingine ambaye hakushiriki kuandaa bei azipige hesabu zote upya kabla hujasaini.

Usishindane kwa kushusha bei chini ya gharama ukitumaini kwamba utaongezewa baadaye. Kamati ya tathmini ina haki ya kukutaka uichambue bei inayoonekana kuwa ya chini kupita kiasi na kuikataa ukishindwa kuieleza. Na hata ikikubaliwa, mkataba wa bei isiyobadilika utakubana hadi mwisho.

Utafiti wa bei za zamani unasaidia sana. Matokeo ya zabuni zilizopita hutangazwa, na katika mifumo iliyo wazi zaidi huonekana hata zabuni za walioshindwa. Ukraine, ambayo mwaka 2016 ililazimisha taasisi zake za umma kutumia mfumo wa kielektroniki wa Prozorro, huweka hadharani nyaraka za wazabuni wote baada ya mnada wa kushushana bei kumalizika. Kwako, hata kama zinapatikana bei za washindi peke yake, zipange kwa aina ya kazi na mwaka, utaona soko linavyokwenda.

Jambo moja halina mjadala: usikubali kuongea na wazabuni wenzako kuhusu bei, wala kuandika zabuni ya kumsindikiza mwingine ili ionekane kuna ushindani. Hilo ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na wanaolipia ni wakazi wanaopata mfereji mfupi kwa fedha nyingi.

Tangu kufungua hadi tuzo

Hudhuria ufunguzi, ana kwa ana au kupitia mfumo. Majina, bei na kuwepo kwa dhamana husomwa kwa sauti au kuonyeshwa, nawe uandike kila kitu, hasa punguzo linalotajwa kwenye barua. Baada ya hapo nyamaza. Kumtafuta diwani, mhandisi au mjumbe wa kamati wakati wa tathmini kunaweza kuiondoa zabuni yako, hata kama nia yako ilikuwa kuuliza tu imefikia wapi. Ukiandikiwa kuomba ufafanuzi, jibu kile ulichoulizwa peke yake, na usiguse bei.

Tathmini ikiisha, mifumo mingi hutaka jiji liwaarifu wazabuni wote kusudio la kutoa tuzo na kusubiri kabla ya kusaini mkataba. Kipindi hicho cha kusubiri kilipata nguvu mwaka 1999, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilipoamua, katika shauri lililotoka Austria, kwamba uamuzi wa tuzo lazima uweze kupingwa kabla mkataba haujafungwa. Leo Umoja wa Ulaya unataka angalau siku 10 pale taarifa inapotumwa kielektroniki, na Sheria ya Mfano ya ununuzi wa umma iliyotolewa na tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara, UNCITRAL, mwaka 2011, nayo inaweka kipindi cha namna hiyo.

Siku hizo ni chache, kwa hiyo zitumie tangu siku ya kwanza. Omba kwa maandishi sababu za kutochaguliwa kwako na alama ulizopata. Ukiona kigezo kilichotumika hakikuwa kwenye nyaraka, au umeondolewa kwa cheti ambacho umekiwasilisha, andika lalamiko linalotaja kifungu, ukurasa na unachotaka kifanyike, kisha ulipeleke kwa mamlaka iliyotajwa kwenye nyaraka ndani ya muda. Malalamiko ya jumla kwamba kulikuwa na upendeleo hayafiki popote. Kama kwenu tuzo huenda barazani, soma taarifa iliyoambatishwa kwenye ajenda, kwa sababu sababu za kamati huandikwa humo, na tofauti kati ya taarifa hiyo na barua uliyopewa ni ushahidi wenye uzito.

Ukishinda

Usianze kazi kwa barua ya pongezi wala kwa maneno ya simu. Subiri mkataba uliosainiwa, na utoe dhamana ya utekelezaji, yaani ahadi ya benki au ya bima kwamba jiji litalipwa ukishindwa kutimiza mkataba, ambayo mara nyingi huwa kati ya asilimia 5 na 10 ya thamani ya mkataba. Kila mabadiliko ya kazi yadai kwa maandishi kabla hujayafanya, kwani msimamizi wa mradi ana kikomo cha fedha anachoweza kuidhinisha, na kinachozidi kikomo hicho kinaweza kuhitaji bodi au baraza tena.

Peleka hati za madai kwa wakati, zikiwa na vipimo vilivyosainiwa na pande zote mbili. Sehemu ya kila malipo huzuiwa kama fedha za matazamio hadi kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe. Andika tarehe ya mwisho wa kipindi hicho kwenye kalenda ya kampuni siku unapokabidhi kazi, omba ukaguzi wa mwisho wiki chache kabla yake, na uwasilishe dai la fedha hizo mapema kiasi cha kuingia kwenye bajeti ya mwaka huo, kwa maana dai linalovuka mwaka wa fedha huwa deni, na deni husubiri bajeti nyingine kupitishwa na madiwani.