IST ya 2004, kilomita 243,000: ninavyoitunza

Niliinunua Toyota IST yangu mwaka 2014, imetoka Japani na kilomita 96,000. Leo inasoma 243,000 na injini ni ileile, 2NZ ya cc 1,298, haijafunguliwa hata mara moja. Mimi ni muuguzi. Nina zamu za usiku Temeke na makazi yangu ni Chamazi, kwa hiyo gari likigoma saa nane usiku sina wa kumwamsha. Ndiyo maana nalishughulikia kabla halijaumwa.

Anza na maji, kwa sababu kinachoua magari haya ni joto. Injini ni ya aluminiamu. Ikichemsha sawasawa mara moja tu, hedi inapinda, gasketi inaungua, na utaambiwa ukatafute injini ya mtumba. Halafu bado tunaijaza maji ya bomba, au ya kisima chenye chumvi, ambayo ni mabaya zaidi! Yanaleta kutu na ukoko kwenye vijia vyembamba vya rejeta. Weka kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini, nunua iliyokwisha kuchanganywa, na usiiongezee kitu.

Asubuhi kabla ya kuwasha, fungua boneti utazame chupa ya akiba. Kulanti ikishuka kila wiki, ujue kuna mahali inavuja. Tafuta madoa ya rangi yaliyokauka kwenye hoizi, kwenye pampu, na juu ya rejeta pale plastiki inapoungana na aluminiamu. Plastiki ile ikizeeka inakuwa kavu kama kaukau.

Yangu ilipasuka hapohapo, mwaka 2019, karibu na Chalinze, nikimpeleka mama Korogwe. Nilizima injini papo hapo, tukakaa chini ya mwembe. Kijana mmoja akaja na tambara afungue kifuniko, nikamkatalia kabisa. Nimewauguza watu waliobabuka uso na kifua kwa mvuke wa rejeta, na vidonda vile sivisahau. Subiri mpaka hoizi ya juu uweze kuishika kwa kiganja bila kushtuka. Sisi tulikaa karibu saa nzima.

Rejeta ilipofunguliwa ndipo nikagundua kwamba fundi wa zamani aliitoa thamostati, vali inayofungua njia ya kulanti kwenda kwenye rejeta injini ikishapata moto, bila kuniambia. Wengi wanasema huku kwetu joto, haina kazi. Usikubali. Thamostati ya injini hii hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Bila hiyo injini inachelewa kupata moto wake, kompyuta inadhani bado ni baridi na inaendelea kumwaga petroli nyingi. Nilirudisha mpya, na tangu siku ile nasimama hapohapo gereji mpaka boneti ifungwe.

Oili naweka 5W-30, namwaga kila kilomita 5,000 pamoja na filta. Injini hii haina mkanda wa taimingi, ina cheni, na cheni hiyo inaishi kwa oili safi. Stiki ya kupimia oili naichomoa kila Jumamosi, gari likiwa mahali tambarare.

Gia boksi yangu ni otomatiki ya gia nne, inatumia mafuta ya T-IV. Gari dogo jingine linaweza kuwa na CVT, gia boksi otomatiki isiyo na gia za hatua, ambayo ina mafuta yake peke yake. Ukikosea hapo umeua boksi, kwa hiyo soma kitabu cha gari au andiko la kwenye stiki, usimwachie muuza duka akuamulie.

Kwenye spea nina msimamo. Mlango, taa, kioo, kitasa, hata mota ya feni, nanunua mtumba kwenye maduka ya spea ya Gerezani bila wasiwasi. Breki pedi, boljointi, pampu ya maji, belti na hoizi nanunua mpya tu, tena kutoka duka linaloandika risiti. Nenda na kile kibovu mkononi pamoja na picha ya namba ya chasisi. Vilinganishe palepale kaunta, pima kwa macho kila tundu la nati.

Matuta ya Mbagala yanamaliza miguu ya mbele ya gari. Ukisikia kugonga ukipita tuta polepole, anza na stabilaiza linki, kile kijiti kinachounganisha shokapu na chuma cha kuzuia gari lisilale, ni rahisi na ndiyo inayokufa mapema. Usikimbilie kubadilisha shokapu. Shokapu zikilazimika kubadilishwa, badilisha kulia na kushoto kwa pamoja, kisha upeleke gari alaimenti, kunyooshwa tairi, vinginevyo zinaweza kulika upande mmoja.

Tairi nazo zisome: tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT kwenye ubavu ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inayong'aa dukani inaweza kuwa imekaa stoo miaka sita.

Nikitoka ufukweni Kigamboni namwomba kijana wa kuosha magari apige maji safi chini ya bodi na ndani ya matao ya tairi, maana chumvi inakula taratibu pasipoonekana.

Yote haya yamo kwenye daftari la kaunta buku ninaloliweka kwenye droo ya dashibodi: tarehe, kilomita, kilichofanyika, bei. Naliandika kama faili la mgonjwa, ili fundi yeyote atakayelipokea gari ajue historia yake. Ukurasa wa mwisho una kazi zinazosubiri. Jumamosi hii ni bushi za mikono ya chini ya mbele. Nimeshazinunua, zimo kwenye buti.