Jinsi ya Kuzuru Hifadhi ya Bahari ya Malindi

Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968, iko kusini kidogo mwa mji wa Malindi, Kenya, na anayetaka kuifaidi hana budi kuanza na maji, si na saa ya ukutani. Matumbawe huonekana vizuri maji yanapokupwa, na kwa kuwa saa za kupwa husogea mbele takriban dakika 50 kila siku, muulize nahodha wa mashua siku moja kabla. Chagua majira ya kaskazi, kati ya Desemba na Machi, kwani kusi, upepo wa kutoka kusini, huchafua bahari. Mvua kubwa ikinyesha bara, Mto Sabaki huteremsha tope na maji yakawa ya kahawia. Siku hiyo ni heri kuahirisha.

Ada ya kuingia hulipwa kwa mtandao, beba kitambulisho.

Mashua yenye kioo chini yawafaa watoto na wazee, lakini ukiweza kuogelea, vaa miwani ya kuzamia ushuke. Tulia juu ya tumbawe moja, usikimbilie jingine, na utamsikia samaki aitwaye pono akilitafuna, krach, krach, kisha utamwona akitoa mchanga mweupe kama moshi. Vaa fulana ya mikono mirefu kwa ajili ya jua. Usikanyage matumbawe, maana ni viumbe hai wanaokua polepole mno. Usiokote kombe wala simbi, na mtu akikupa mkate wa kuwalisha samaki, mkatalie kwa upole.